Somo: Supu ya mifupa ya ng'ombe, mpaka igande

Supu ya mifupa iliyopikwa sawasawa ikilala kwenye friji inaganda na kutikisika kama jeli. Mimi hapo ndipo ninapoipimia, viungo baadaye. Kinachoigandisha ni kolajeni ya kwenye gegedu, kano na ngozi, ambayo ikipata moto mdogo wa muda mrefu hugeuka jelatini.

Kwa hiyo kazi inaanzia buchani. Mfupa wa paja una uboho mtamu, lakini peke yake haugandishi. Chukua kilo moja ya magoti, uongeze kongoro moja lililobabuliwa na kukwanguliwa. Likinuka mpira au plastiki, liache hapohapo. Mwenye bucha akukatie vipande. Ukijaribu mwenyewe nyumbani utapasua sakafu kabla ya mfupa.

1. Funika mifupa kwa maji baridi, chemsha dakika 10, mwaga maji yote, osha mifupa na sufuria. Najua wapo watakaosema unamwaga utamu. Unamwaga povu la damu tu.

2. Rudisha jikoni na lita 3 za maji baridi, kitunguu maji, tangawizi iliyopondwa na pilipili manga nzima.

3. Ikianza kuchemka, punguza moto mpaka uone vipovu vichache tu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ikitokota kwa fujo, mafuta yanavurugika ndani ya maji, supu inakuwa na ukungu na inanata mdomoni. Wa jiko la mkaa, funikeni makaa kwa majivu. Saa 6 hadi 8; maji yakipungua ongeza ya moto.

4. Chuja, ndipo utie chumvi. Ipoze upesi kwa kuweka sufuria kwenye beseni la maji baridi, kisha friji. Isilale mezani. Kwenye friji kunywa ndani ya siku 3 au 4.

MASWALI

– Mwalimu, yangu imebaki maji tu.
Maji yalizidi, au hukuweka gegedu. Haijaharibika, ichemshe bila mfuniko ipungue.

– Gesi imepanda bei. Presha kuka inafaa?
Inafaa sana, saa 2 zinatosha. Usijaze zaidi ya theluthi mbili.

– Shikamoo. Mkwe wangu kajifungua, naambiwa supu hii itampa kalsiamu.
Marahaba mama. Mpe, itamtia maji mwilini na hamu ya kula. Ila kalsiamu inayotoka kwenye mfupa ni kidogo mno. Hiyo aitafute kwenye maziwa na dagaa wanaoliwa na mifupa yao.

– Mzee wangu ana gauti, naye haambiliki kwa supu.
Hapo asikilizwe daktari wake kwanza. Supu ya nyama na mifupa ina purini, na purini ndiyo inayozaa asidi ya yuriki inayomtesa.

– Mifupa naichemsha tena?
Mara moja tu. Itatoka nyepesi, ipikie maharage.