Kupima mchochota kwenye damu ya mgonjwa wa soriasisi: tunavyofanya maabara ndogo

Hakuna kipimo cha damu kinachosema "hii ni soriasisi". Daktari huujua ugonjwa huu wa magamba kwa kuitazama ngozi, na akiwa na shaka hukata kipande kidogo kikapimwe. Damu inatusaidia kujua kama mchochota (kinga ya mwili kuwaka na kuleta uvimbe) umepanda au umetulia. IL-17 na TNF-alfa, protini za kinga zinazochochea ugonjwa wenyewe, si vipimo vya kila siku hata kwenye hospitali kubwa. Huku Tanga tuna ESR (kasi ya chembe nyekundu kuzama), CRP (protini inayopanda wakati wa mchochota) na FBP (hesabu ya chembe za damu), na vinatosha vikifanywa kwa adabu.

1. Mhoji kabla hujamchoma. Ana homa? Jino bovu? Mjamzito? CRP hutengenezwa na ini, huanza kupanda ndani ya saa chache na kufika kilele baada ya siku 2 hivi. Kwa hiyo malaria ya juzi itakupa namba kubwa isiyohusiana kabisa na magamba ya kwenye kiwiko. Kama si dharura, mwambie apone kwanza. Ulizia pia "sindano ya mwasho" aliyochomwa mtaani: nyingi huwa ni steroidi, dawa za kutuliza mchochota, nazo hupandisha neutrofili na kushusha limfosaiti, aina mbili za chembe nyeupe za damu.

2. Chukua damu. Tyubu ya zambarau kwa FBP, nyekundu kwa CRP. Ile ya zambarau igeuze taratibu mara 8 hadi 10. Usiitikise.

3. ESR. Hapa ndipo kazi huharibika. Changanya sehemu 4 za damu na sehemu 1 ya sitreti ya sodiamu ya 3.8% (huzuia damu kuganda), pandisha kwenye tyubu ya Westergren, ile nyembamba yenye alama za milimita, hadi sifuri, isimamishe wima, kisha soma chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi baada ya dakika 60 kamili. Mchochota huongeza protini iitwayo fibrinojeni kwenye plazma (maji ya damu), chembe nyekundu zikashikamana kama sahani zilizopangwa kabatini, na rundo zito huzama upesi. Lakini tyubu ikiinama nyuzi 3 tu, majibu yanaweza kupanda kwa karibu asilimia 30. Joto nalo huongeza kasi, na kaskazi ikipamba moto chumba kisicho na kiyoyozi hupita nyuzi 25 bila taabu. Weka stendi mbali na dirisha, na isikae meza moja na mashine ya kuzungushia damu, maana mtetemo nao unavuruga.

Kiwango cha juu kwa mwanamume ni umri gawanya kwa 2. Kwa mwanamke ongeza 10 kwenye umri kwanza. Mama wa miaka 50 anaishia 30. Angalia himoglobini kabla ya kushtuka: upungufu wa damu peke yake hupandisha ESR.

4. CRP. Tumia kipimo kinachotoa namba. Kile cha kibao, cha "ipo" au "haipo", hakifai hapa, kwa sababu wengi wenye soriasisi ya ngozi tu wana CRP ya kawaida au iliyopanda kidogo mno.

5. Uwiano wa neutrofili kwa limfosaiti. Haugharimu kitu, FBP unayo tayari. Neutrofili 4.2, limfosaiti 2.1: uwiano ni 2. Tumia hesabu kamili za chembe. Ila mimi siamini mipaka iliyopatikana kwa watu wa Ulaya au Asia. Waafrika wengi wana neutrofili chache kwa asili, bila ugonjwa wowote, hivyo uwiano "mzuri" unaweza kukudanganya. Mlinganishe mgonjwa na majibu yake mwenyewe ya nyuma.

6. Andika majibu. Kando ya namba weka saa ya kuchukua damu, dawa anazotumia (methotreksati, dawa ya soriasisi, usiisahau) na maambukizi uliyoyagundua. Kama amekwambia vidole vinakakamaa asubuhi zaidi ya nusu saa, au umeona kucha zina vishimo, liandike hilo juu kabisa ya fomu na umrudishe kwa daktari siku hiyohiyo, hata CRP ikiwa safi. Soriasisi ya viungo hula mifupa huku vipimo vya damu vikionekana vya kawaida.