Majibu ya HIV unayaamini lini?

Kwanza angalia tarehe. Sio ya leo, ni ile siku ya tukio lenyewe (kondomu ilipasuka, hukutumia kabisa, whatever), andika kwenye simu usije ukachanganya, maana kila kitu kinahesabiwa kutoka hapo.

Ukipima wiki moja baadaye ukaona mstari mmoja (yani hasi, kipimo hakijaona HIV) usishangilie bado. Kile kipimo cha kuchoma kidole pamoja na kile cha kujipima cha mate vingi vinatafuta antibodi, yani askari wa mwili, na mwili unachukua siku 23 mpaka 90 kuwatengeneza wa kutosha kuonekana. Kwahiyo pima hata sasa, sawa, lakini rudia siku 90 zikitimia, na katikati hapo kusiwe na tukio jipya, likitokea unaanza kuhesabu upya. Kipimo cha maabara cha damu ya mshipani kinachotafuta antijeni (vipande vya kirusi chenyewe) na antibodi kinawahi, siku 18 mpaka 45.

Mistari miwili (yani chanya) kwa kipimo kimoja nayo sio mwisho, usijimalize jamani, nenda kituoni wapime tena na vipimo vingine ndo wathibitishe.

Kama unatumia PrEP (dawa za kujikinga kabla ya tukio), PEP (za kujikinga baada ya tukio) au ARV (dawa za kutibu HIV) mwambie mpimaji ukweli, dawa zinaweza kuchelewesha au kuficha majibu, tarehe za kurudia atakupangia yeye. Na kama tukio halijapita masaa 72 acha kusoma hapa, kimbia hospitali uulizie PEP sasa hivi.