Kupima Maji ya Mto Manafwa kwa Chungwa na Kamba

Manafwa, mto wa mashariki mwa Uganda, huanzia miteremko ya Mlima Elgon, hushuka kwa kishindo Bududa, kisha hupoa kwenye tambarare za Butaleja, hunywesha mashamba ya mpunga ya Doho na kumwaga maji yake Mto Mpologoma, yanakoelekea Ziwa Kyoga. Mto mmoja, tabia mbili. Kipimo kisichoandikwa kimechukuliwa wapi na saa ngapi hakina kazi.

Tafuta kipande kilichonyooka cha mita 20, kisicho na magogo wala mfereji. Kona ziache: maji hukimbilia ukingo wa nje, wa ndani ukabaki kulundika mchanga.

Tanda kamba yenye fundo kila mita, ukingo hadi ukingo. Kwenye kila fundo simamisha mti wenye alama za sentimita. Butaleja chini ni tope, na mti mtupu huzama ukakupa kina cha uongo. Upigilie kipande cha bati kwenye kitako. Mto wa mita 12 una mafundo 11 majini. Jumlisha vina, ugawe kwa 12, si 11, kwa sababu ukingoni kina ni sifuri. Hapo ndipo wengi hukosea.

Sasa chungwa, la kupima mwendo wa maji. Chupa tupu husukumwa na upepo. Chungwa huzama karibu lote, likaenda na maji. Litupe mita chache juu ya mwanzo wa zile mita 20, lishike mwendo, ndipo uhesabu sekunde kutoka mwanzo huo hadi mwisho. Rudia kushoto, katikati na kulia, uchukue wastani.

Tuseme kina cha wastani ni mita 0.5: mara 12, eneo ni mita 6 za mraba. Chungwa limetumia sekunde 25 kwa mita 20, yaani mita 0.8 kwa sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo zidisha kwa 0.9 penye tope, au 0.8 penye mawe. Kwa tope: 6 × 0.8 × 0.9 = mita za ujazo 4.32, yaani lita 4,320 kila sekunde.

Kujua Doho inachukua kiasi gani, pima juu ya mfereji unapochepuka, kisha chini yake, siku hiyohiyo.

Anga ya Butaleja isikudanganye: mvua ikinyesha Bududa, mafuriko huja chini ya jua kali. Maji yakigeuka mekundu na kuleta majani na vijiti, acha kamba, toka.