Kabla Hujalipa Ada ya Shule ya Urubani

Nyumba yetu ya Magongo, Mombasa, iko karibu sana na Uwanja wa Ndege wa Moi. Mama alizoea kunyamaza katikati ya maneno, ndege ipite, kisha anaendelea pale pale alipoachia. Huko ndiko nilikopendea urubani. Leo naruka kwa kazi, na kila nikirudi likizo hapakosi kijana wa mtaa anayekuja barazani kuniuliza, "Dada, niende shule gani?" Jina la shule simpi. Nampa kazi ya kufanya.

Kwanza aende kwa daktari. Si daktari yeyote, ni yule aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA. Anayetaka urubani wa ajira anahitaji cheti cha afya cha daraja la kwanza. Kama macho hayatofautishi rangi au moyo una hitilafu, ni bora ulijue hilo pesa zikiwa bado mikononi mwako. Kuhusu umri, unaweza kuanza kuruka kama mwanafunzi ukiwa na miaka 16, leseni binafsi (ya kuruka bila kulipwa) ni 17, ya biashara (ya kuruka kwa ajira) ni 18.

Kisha pesa, na hapa naomba unisikilize vizuri. Mimi nilisomeshwa na ukoo mzima. Baba alikuwa mpakuzi bandarini Kilindini, na shangazi yangu aliuza kiwanja chake cha Mtwapa ili nianze. Shule ya kwanza niliyoingia iliniambia nikilipa zote kwa mkupuo nitapunguziwa bei, nami nikalipa. Ilikuwa na ndege moja tu ya mafunzo. Nilipofikisha saa 11 za kuruka, injini ikafunguliwa ikawekwa sakafuni hangani, yaani kwenye banda la ndege, na kila wiki naambiwa kipuri kiko njiani. Ilipita miezi mitatu. Niliporudi hewani mikono ilikuwa imesahau, nikalipa tena kujifunza yale yale. Sijawahi kumweleza shangazi ni saa ngapi za kuruka zilizolipiwa na kiwanja chake zilipotea hivyo.

Kwa hiyo lipia saa chache chache, tano au kumi, hata kama bei inapanda kidogo. Lipa kwa akaunti au namba ya biashara ya shule, usimtumie mtu kwenye simu yake binafsi, na risiti zote zitunze. Uliza saa inahesabiwa kuanzia wapi: injini ikiwaka, au magurudumu yakiacha ardhi? Swali hili lina uzito, kwa sababu shule nyingi za nchi hii ziko Wilson, Nairobi, na uwanja ule una shughuli nyingi. Unaweza kukaa foleni ya kuruka injini ikinguruma na saa ikikimbia. Uliza pia kama mafuta, ada ya kutua na malipo ya mwalimu vimo ndani ya bei. Masharti ya kurudishiwa pesa yawe kwenye maandishi, yametiwa sahihi.

Cheti cha KCAA cha shule, omba ukione, na usome kimeruhusu kozi zipi. Hilo ni la dakika mbili.

Ndege zichukulie muda zaidi. Leseni binafsi inataka angalau saa 40 za kuruka, na ndani yake safari ya peke yako isiyopungua kilomita 270 huku ukitua viwanja viwili vingine. Wengi hupita hizo 40. Sasa hesabu: wanafunzi wangapi wanagawana ndege ngapi zinazoruka wiki hii? Zilizo hangani usizihesabu. Waulize wanafunzi wenyewe wakiwa nje wanakunywa chai, wala usiulize ofisini. Na kama ndege inalala huku kwetu Pwani, ikague kwa jicho la mtu aliyekulia karibu na bahari. Chumvi inakula bawaba, boliti na nyaya kama inavyokula mabati ya paa zetu. Ukiona kutu imepakwa rangi juu, ondoka.

Lakini shule nzuri yenye mwalimu mbaya bado itakuharibu, na hili ndilo nililochelewa kulijua. Shule ya kwanza ilinibadilishia mwalimu mara nne. Wa tatu alikuwa mtu mwenye saa nyingi sana za kuruka, na kila nilipokosea alininyang'anya usukani bila neno. Tunatua, anashuka, anakwenda zake. Nikabaki nikimtazama tu.

Mwalimu wa shule ya pili, niliyohamia baadaye, siku ya kwanza hakunirusha kabisa. Tuliizunguka Cessna 152, ndege ndogo ya mafunzo, saa nzima. Akachota mafuta chini ya tangi kwenye kikombe kisicho na rangi, akakiinua kwenye mwanga: mafuta ya buluu juu, na chini kabisa tone la maji limejitenga. Akaniambia, "Hili tone ndilo linalozima injini. Unyevu wa usiku umeingia tangini. Chota tena mpaka liishe." Baada ya kila somo tulikaa robo saa. Ananiuliza kwanza mimi nimeona nini, ndipo anasema yeye, na anaandika somo lijalo litaanzia wapi. Siku moja nimesafiri usiku kucha kutoka Mombasa, nimefika, akatazama mawingu akasema, "Leo haturuki." Niliumia, ila nauli ile ilinifunza kumwamini.

Mtafute huyo. Omba somo moja la majaribio na ulilipie. Hesabu mikono yako ilishika usukani muda gani. Muulize jinsi ndege inavyobadilika kati ya Wilson, zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, na Mombasa ambako ni kama futi 200. Anayejua atakueleza hewa nyembamba, joto na urefu wa njia inayohitajika kuruka, tena kwa lugha unayoielewa. Muulize pia kuhusu upepo wetu. Njia kuu ya kurukia ya Moi imelala kaskazini-mashariki kwa kusini-magharibi, kwa hiyo kaskazi, inayotoka kaskazini-mashariki, hukujia usoni, lakini kusi, inayotoka upande wa kusini-mashariki, hukupiga ubavuni ukiwa unatua. Mwalimu anayekufungia chini kila kusi ikivuma hakufundishi, na anayekurusha peke yako ndani yake kabla hujaizoea hakujali. Muulize mpaka wake wa upepo ni upi kwa mwanafunzi. Akupe namba.

Swali la mwisho ni kama anapanga kuondoka. Walimu wengi ni vijana wanaokusanya saa wakisubiri kazi ya shirika, na si kosa. Akikwambia ana miezi miwili, muombe akutambulishe mapema kwa atakayempokea.

Ukishazuru shule mbili au tatu, usilipe siku hiyo hiyo. Panda basi urudi, kaa na waliokuchangia, wasomee maandishi yote neno kwa neno.