Kumtembeza mgeni wa meli Mombasa: hesabu kuanzia mwisho wa kupanda

Kila mwaka kaskazi ikianza kuvuma, huja kijana mmoja au wawili barazani kwangu Kibokoni na swali lile lile: "Shangazi, nifanyeje nipate wageni wa meli?" Kuwapata si kazi. Kazi ni kuwarudisha. Mgeni wa hoteli ukimchelewesha, chakula chake kitapoa basi. Mgeni wa meli ukimchelewesha, nyumba yake inang'oa nanga, na pengine pasipoti yake imo ndani. Kwa hivyo wacha niwaeleze ninavyofanya mimi.

Mambo ya karatasi nayapita haraka. Leseni ya mwongoza watalii hutolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, TRA. Iwe hai, na iwe shingoni, si mkobani. Bandarini kwenyewe huingii bila pasi, na ukibishana na askari wa lango mbele ya wageni umeshaharibu siku. Kama huna pasi, kubaliana na mgeni mapema mkutane nje.

Meli nyingi za watalii huja kati ya Novemba na Aprili, zikizunguka Zanzibar, Ushelisheli, Madagaska na Morisi. Usikae langoni kila siku kama mvuvi asiye na ndoana. Mamlaka ya Bandari, KPA, hutoa orodha ya meli zinazotarajiwa kwa siku 14, isome. Usiku wa kuamkia siku yenyewe, fungua ramani ya meli kwenye simu uone iko wapi na inaelekea wapi, kwa sababu meli hubadili njia bila kukuaga. Nimewahi kununua maziwa ya kupikia chai ya watu kumi na wanne, kumbe meli imeshapita zake kwenda Zanzibar. Na kuna misimu mizima inayopotea. Maharamia wa Kisomali walipochacha, hata meli ya watalii MSC Melody ilimiminiwa risasi kaskazini mwa Ushelisheli, Aprili 2009, na kampuni zikaanza kulikwepa eneo letu. Tukapumua kidogo, ikaja korona 2020. Ndiyo maana sijaacha kuuza mahamri.

Sasa saa. Hapa naomba unisikilize vizuri.

Usipange safari kuanzia asubuhi. Panga kuanzia mwisho. Muulize mgeni swali la kwanza kabisa, kabla ya jina lake: mwisho wa kupanda ni saa ngapi? Si saa ya kuondoka meli, mwisho wa kupanda, ambao huwa nusu saa au saa nzima kabla. Utaukuta kwenye karatasi anayopewa chumbani kila siku, na mara nyingi huandikwa kwenye ubao karibu na ngazi ya kushukia. Mwambie aipige picha. Kutoka hapo toa saa moja ya ukaguzi na foleni, toa nusu saa ya msongamano wa Moi Avenue, toa nusu saa nyingine ya bibi ambaye lazima atapotelea dukani. Kinachobaki ndicho mnacho. Meli ikifunga mlango saa kumi na moja jioni, mimi natembeza mpaka saa tisa basi.

Halafu uliza saa yake inasemaje, na uilinganishe na simu yako. Hili nimejifunza kwa jasho. Mwaka mmoja nilikuwa na mume na mke, wazee wa miaka sabini na kitu, meli yao imetoka Ushelisheli. Karatasi ilisema 16:30, nami nikasoma saa kumi na nusu. Saa tisa tulikuwa sokoni Marikiti, bibi ananusa iliki, hana haraka. Nikamwona anaitazama saa yake ya mkononi na kukunja uso. Saa yake ilisema saa kumi kamili. Ushelisheli wako mbele yetu kwa saa moja, na meli ile haikurudisha saa nyuma ilipofika kwetu. Tulikuwa na dakika thelathini, si tisini. Tuliingia kwenye tuktuk, mzee amekumbatia mfuko wa pilipili manga, tukapita chini ya zile pembe kubwa za ndovu za chuma za Moi Avenue bila mtu kupiga picha. Walipanda zikiwa zimebaki dakika saba. Tangu siku hiyo swali langu si "saa ngapi" tu, ni "saa ngapi, kwa saa ya nani?"

Na saa yetu ya Kiswahili nayo ina mitego. Dereva namwambia "saa nane mchana", mgeni namwandikia 14:00. Sitamki namba tupu. Kuna kijana aliyemwandikia dereva "tukutane 8" akimaanisha saa nane, na dereva, ambaye amesoma shule, akaja saa mbili asubuhi, akangoja, akaenda zake.

Jambo jingine ambalo mgeni huenda halijui, na wewe lazima ulijue: safari iliyouzwa na meli yenyewe ikichelewa, kwa kawaida meli huwangoja. Mgeni aliyekuja kwako kivyake hangojwi. Kwa hivyo mimi Tsavo siendi na mgeni wa mlangoni. Walionunua Tsavo melini hutoka alfajiri kwa msafara wa magari, waache waende. Diani pia sipeleki. Najua siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu na huhitaji feri ya Likoni, lakini mchanga unapendeza, na mgeni aliyelala mchangani haamki.

Njia yangu ni fupi na naijua kama kiganja. Bandari ya Kilindini iko magharibi ya kisiwa, Mji wa Kale uko mashariki. Unapanda Moi Avenue, ambayo zamani iliitwa Kilindini Road, unapita pembe, unavuka Digo Road na kuingia Nkrumah Road, mwisho wake ni Ngome ya Yesu. Niko ngomeni mapema, kabla jua halijawa kali na kabla mabasi makubwa ya meli hayajamwaga watu. Tiketi nalipa kwa simu, mgeni asisimame kaunta akihesabu dola.

Ndani ya ngome usimpigie mgeni hotuba ya miaka mia nne. Mreno alianza kuijenga 1593, Waomani waliizingira kuanzia 1696 hadi 1698, UNESCO wakaiingiza kwenye urithi wa dunia 2011. Inatosha. Kisha mpeleke moja kwa moja kwenye michoro ya ukutani iliyochorwa na Wareno waliokaa humo, na kwenye vitu vilivyotolewa chini ya maji kutoka Santo António de Taná, meli ya Kireno iliyozama hapo mbele ya ngome 1697. Mtu aliyelala usiku wa jana baharini akiona meli iliyochorwa na mtu aliyekuwa na hamu ya kwenda kwao, hunyamaza mwenyewe. Mimi nami hunyamaza. Dakika mbili hizo nazithamini kuliko maelezo yangu yote.

Kutoka ngomeni tunaingia Ndia Kuu kwa miguu. Wageni hupenda kusikia kwamba "ndia" ni "njia" kwa Kimvita. Tembea upande wa kivuli na upange viti viwe wapi: wengi wa wageni hawa ni wazee, na joto la Januari halina huruma. Nina nyumba tatu ambazo wenyewe wananiruhusu kuingiza mgeni chooni, na kila msimu nawapelekea sukari na majani ya chai. Kijana, choo ndiyo siri ya kazi hii. Ijumaa nakwepa kupita mbele ya misikiti kuanzia saa sita na nusu mpaka watu watoke. Na mkobani sikosi leso mbili za akiba, maana kuna mgeni atakayeshuka na kaptura ya kuogelea akidhani Mombasa yote ni pwani ya hoteli. Namfunga mwenyewe, tunacheka, tunaendelea.

Kununua tunamalizia Biashara Street, kwa leso. Leso haivunjiki, haina uzito, na ina maneno. Lakini mgeni hajui kwamba inauzwa doti, vipande viwili vilivyoungana, wala kwamba lazima ikatwe na kupindwa. Kwa hivyo asubuhi nishamwambia fundi wangu wa barazani asiende popote. Tukifika anakata, anapinda kingo zote, cherehani inalia dakika chache, mgeni anarekodi video. Kabla ya kulipa, msomee jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso. Bibi mmoja alichagua leso nzuri ya rangi ya machungwa kumpelekea mke wa mwanawe. Nikasoma: "Hasidi hana sababu." Nikamweleza. Akafikiri kidogo, akaniuliza kama zipo mbili.

Vinyago ni habari nyingine. Kama muda upo, nampeleka Changamwe kwa ushirika wa wachongaji Waakamba, aone mtu akichonga, ila uhesabu malori ya Makupa kwenye muda wako. Kama hakuna muda, mfundishe kukagua. Lowesha kitambaa cheupe, sugua chini ya kinyago cha "mpingo". Kikitoka cheusi, hiyo ni rangi ya viatu juu ya mti mweupe. Tazama pia matundu madogo yenye unga: mdudu yumo, na Mwaustralia akifika kwao na kinyago cha namna hiyo kitazuiliwa. Kombe, matumbawe, gamba la kasa, chochote cha pembe: usimwonyeshe, usimpeleke, hata ukiahidiwa komisheni. Mtakaoulizwa ni wewe na yeye. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 28 Agosti 2017, kwa hivyo tembea na magazeti na vikapu vya ukili, na kikapu chenyewe utakiuza.

Sasa nikwambie wateja ambao vijana hawawaoni. Wote mnamkimbilia Mzungu mwenye kofia. Nyuma yake, kama saa nne hivi, hushuka wafanyakazi wa meli: Wafilipino, Waindonesia, Wahindi, wamepewa saa tatu za kupumua. Hawataki ngome. Wanataka laini ya simu, intaneti ya kasi wawaone watoto wao, duka la sabuni na dawa ya meno, na chakula chenye pilipili. Tuktuk moja, watu watatu, nawapeleka supamaketi, kisha viazi karai na ukwaju. Bei yao ni ndogo, lakini mfanyakazi harudi nyumbani baada ya wiki mbili kama abiria. Meli ikirudi mwezi ujao yumo, na amekuja na wenzake watano.

Malipo: kubaliana kabla hamjaondoka, kwa kichwa au kwa kundi, uandike kwenye karatasi. Dola za zamani zenye kichwa kidogo zikatae kwa adabu, maduka ya fedha yatakusumbua. Noti iliyochanika vile vile. Na jihadhari na bakshishi ya sarafu. Mgeni anakujazia mkono yuro za chuma kwa moyo safi, na hakuna duka la fedha hapa mjini litakalokubadilishia. Dawa yake ni kuziweka mpaka upate Mjerumani au Mtaliano, umwombe akupe noti ya tano au ya kumi, naye achukue sarafu. Huwa anakubali, maana kwao anazitumia. Mimi ninazo yuro kumi na saba na senti arobaini kwenye kopo la Kimbo juu ya kabati. Meli inayofuata imo kwenye orodha, ya Jumatano.