Kuku Amevimba Uso: Kumhudumia Mwenye Mafua Makali

Uvimbe chini ya jicho na kamasi zenye harufu mbaya ni dalili za mafua makali. Mtenge saa hiyohiyo, maana wenzake huugua ndani ya siku 1 hadi 3, hasa wakinywea chombo kimoja. Hudumia wazima kwanza, mgonjwa mwisho, kisha nawa.

Changanya kijiko cha chai cha chumvi, kisijae sana, na nusu lita ya maji yaliyochemshwa. Yakiwa vuguvugu, lowesha pamba, bandika jichoni mpaka utando ulainike, ndipo ufute. Ukiukwangua mkavu unamchubua. Jicho likiziba haoni chakula. Lowanisha pumba, msogezee mdomoni.

Dawa, kama antibayotiki ya oksitetrasaiklini, mwulize mtaalamu wa mifugo na ufuate kipimo cha lebo. Ikiwa ni ya maji, changanya mpya kila siku kwenye maji ya kunywa, usimpe maji mengine. Wengi huacha dawa uvimbe ukipungua, na ugonjwa hurudi. Mayai yasiliwe mpaka siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo ziishe.

Akipona bado anabeba vimelea: usimchanganye na vifaranga. Akipinda shingo na kuharisha kijani, shuku kideri, ugonjwa wa virusi. Hapo antibayotiki haitibu.