Mchapuko kwa gololi moja na bomba lililopasuliwa

Wiki iliyopita mpwa wangu, yuko kidato cha tatu hapa Chake Chake, aliniletea daftari lake la fizikia. Kanuni zote za mchapuko (acceleration) anazo, kwa Kiingereza kama wanavyosomeshwa skuli, tena kwa hati nzuri. Nikamuuliza: "Boti ya Unguja ikishakolea, inakwenda mbio kweli kweli, mchapuko wake mkubwa au mdogo?" Akajibu, "Mkubwa, mjomba." Nikajua tuna kazi. Haya ndiyo tuliyoyafanya jioni ile barazani.

Hatua ya 1: Tenganisha kasi na mchapuko

Kasi ni unakwenda mbio kiasi gani, na unaelekea wapi. Mchapuko ni kasi hiyo inabadilika upesi kiasi gani. Ndani ya boti iliyokolea, bahari shwari, chai kikombeni imetulia kama uko nyumbani: kasi kubwa, haibadiliki, mchapuko sifuri. Nahodha akipunguza mashine ghafla, chai inakimbilia mbele na kukumwagikia. Hapo sasa pana mchapuko, ingawa boti inazidi kwenda polepole. Na daladala ikikata kona bila ya mshale wa kasi kutikisika, wewe bado unamlalia jirani yako. Mwelekeo umebadilika, na huo pia ni mchapuko.

Hatua ya 2: Mteremko

Bomba la maji la plastiki la inchi 2, urefu mita 2, lipasue kwa urefu wake. Lilaze juu ya ubao ulionyooka, maana peke yake linabonyea. Ncha moja inyanyue sentimita 10.

Hatua ya 3: Achia, pima

Usiiachie gololi kwa vidole, vidole vinasukuma hata ukiapa hukusukuma. Izuie kwa rula kwa mbele, kisha nyanyua rula. Chini weka kipande cha mbao, usikie "ta!" gololi inapogonga, kusikiliza ni bora kuliko kukodolea macho. Anayenyanyua rula ndiye huyo huyo abonyeze saa ya simu. Programu za fizikia za kwenye simu mie sizitaki hapa, zinakupa jibu kabla hujajua swali.

Rudia mara 5. Sisi tulipata sekunde 3.3 mpaka 3.5, wastani 3.4.

Hatua ya 4: Hesabu (soma pole pole)

Mpwa wangu akafanya hivi: mita 2 gawa kwa sekunde 3.4, akapata kasi ya mita 0.59 kwa sekunde. Akaigawa tena kwa 3.4, akapata mchapuko 0.17. Hesabu safi, jibu bovu. Sikumcheka, kwa sababu nilipokuwa na umri wake niliupoteza usiku mzima kwa kosa hilo hilo. Kila nikirudia napata nusu ya jibu la mwalimu, nikaamini rula yangu ndiyo mbovu.

Ile 0.59 ni kasi ya wastani wa safari nzima. Gololi ilianza na sifuri, ikawa inaongeza kidogo kidogo. Kama wastani ni 0.59 na mwanzo ni sifuri, basi mwisho lazima iwe mara mbili yake, yaani 1.18. Mchapuko unataka kasi ya mwisho toa kasi ya mwanzo, kisha gawa kwa muda: 1.18 gawa kwa 3.4, unapata 0.35. Huko kwenye kanuni, ile mbili inayokaa mbele ya umbali (mara mbili ya umbali, gawa kwa muda uliozidishwa kwa wenyewe) imetoka hapa. Lakini tahadhari: kuzidisha kwa mbili kunafaa pale tu gololi inapoanza ikiwa imesimama na mchapuko haubadiliki. Ukiisukuma, au bomba likibonyea katikati, huna haki ya kutumia mbili hiyo.

Hakuamini. Nikaondoa kile kipande cha mbao, gololi ikateremka ikaendelea kwenye vigae vya sakafu. Ikakata mita moja na ushei kwa kama sekunde moja. Hapo akanyamaza.

Sasa vipimo vyake, "mita kwa sekunde kwa kila sekunde", vinavyowatisha watoto. Vitamke kwa sentimita: kila sekunde inayopita, gololi inajiongezea kasi ya sentimita 35 kwa sekunde. Baada ya sekunde 1 ina 35, baada ya 2 ina 70, baada ya 3 ina 105. Kwisha.

Kama bado kichwa kizito, chora chaki kwenye sentimita 12.5, 50, 112.5 na 200 kutoka juu, kisha piga makofi gololi inapopita kila alama. Nafasi kati ya alama zinazidi kupanuka, kwa uwiano wa 1, 3, 5, 7, lakini muda kati ya kofi na kofi unalingana. Galileo, mwanasayansi wa Italia, aliligundua hili kwa mpira na ubao wenye mfereji, na katika kitabu alichokichapisha mwaka 1638 anaeleza kwamba muda aliupima kwa kuyapima uzito maji yaliyochuruzika. Kwa hiyo usiniambie skuli yenu haina maabara.

Hatua ya 5: Chungwa

Rusha chungwa juu wima. Pale juu kabisa kasi ni sifuri. Na mchapuko? Mpwa wangu: "Sifuri, mjomba." Nikamwambia, ukiwa sifuri maana yake kasi haibadiliki, na kasi yenyewe pale ni sifuri, kwa hiyo itabaki sifuri. Akalitazama chungwa mkononi mwake.

"Basi lingebaki huko huko juu linaning'inia."

Mchapuko wake ni mita 9.8 kwa sekunde kwa kila sekunde, kuelekea chini, tangu lilipotoka mkononi mpaka liliporudi.